Nguzo ya Dungu la Mama

Nilikuwa mwanamke wa maneno mengi, na sikuona aibu kuambiwa hivyo. Niliolewa, nikaachika kabla ya mwaka kwisha, nikarudi kulima na mama katika bonde la Rufiji, mwendo wa asubuhi moja kutoka Mohoro. Walionifahamu walisema mume wangu alikimbia mdomo. Hilo silikatai.

Mama alikuwa na dungu, nyumba ya shambani iliyojengwa juu ya nguzo, ili mto ukifura tulale juu na maji yapite chini yetu. Nguzo ya mbele ilikuwa ya mkoko, na aliyeisimamisha ni bibi yangu. Kila mwaka, maji yalipofika mwisho wa kupanda, bibi aliitia mkato kwa panga pale yalipogusa. Alipokufa, mama akaendelea. Mkato wa juu kabisa ulinifika kwenye paji la uso. Kwa mikato ile mama alijua ainue sakafu kiasi gani, na mpunga upi aupande wapi. Hakujua kusoma karatasi, ila nguzo aliisoma.

Kisha likaja neno la tuta. Serikali ya Waingereza ilitaka kujenga tuta refu la udongo kando ya mto, maji yasiingie tena bondeni. Karani aliyetumwa kwa jumbe, mkuu wa kijiji chetu, alisema mafuriko ndiyo yanayotuletea njaa. Kuna miaka yalituletea kweli, siwezi kusema uongo hapa, nimeshausema wa kutosha. Lakini maji hayohayo yalituachia tope jeusi, na kwenye tope hilo tulipanda mlau, yaani mahindi na kunde za baada ya mafuriko, zisizongoja mvua. Mpunga ukifa, mlau unakulea. Maji yasipoingia, mlau hakuna. Na tuta lenyewe lingekata shamba la mama katikati.

Wazee walikwenda bomani kukataa, wakarudi wamenuna. Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya, aliwacheka. Alisema hajapata kuona watu wanaoomba mafuriko. Kisha akawaambia mzungu wa vipimo atakuja kutazama maji yanafika wapi, na kazi itapangwa kufuatana na hayo.

Tulikutana barazani kwa jumbe. Wanaume walizunguka maneno mpaka nikachoka, nikasimama. Nikasema, "Si wanajenga kwa kuwa wanadhani maji ni makubwa? Wakiyaona madogo, watahangaika na tuta la nini?"

Watu waliitikia kwa nguvu. Hata mzee mmoja aliyekuwa haitikii salamu yangu tangu niachike alisema nimenena. Tukakubaliana kila atakayeulizwa aseme maji ni ya magotini.

"Na nguzo yangu je?" mama akauliza kutoka upande wa wanawake.

"Nguzo haina mdomo, mama," nikamjibu, na watu wakacheka.

Mama hakucheka. "Ndiyo maana naiamini," alisema.

Haikupita wiki, akaitwa msibani Mohoro. Nikaona Mungu amenipa nafasi. Niliwaita jirani wawili, tukaegemeza dungu kwa miti, tukaing'oa nguzo ya bibi, tukasimika mpya. Nikaitia mikato midogo midogo, yote chini ya goti, nikaipaka tope na masizi ionekane ya zamani. Ile ya zamani niliogopa karani asije akaiona. Nikaipasua, nikaipikia siku tatu. Mkoko unashika moto vizuri, ubwabwa ulikuwa mtamu.

Mzungu alikuja, akauliza maji hufika wapi, nikamwonyesha nguzo. Akachuchumaa mbele yake, akapima, karani akaandika. Akatabasamu. Nami nikatabasamu, nikijiona mwerevu kuliko boma zima.

Mama aliporudi, aliishika nguzo kabla hajatua mzigo.

"Ya mama yangu iko wapi?"

Nikamwambia. Alikwenda mafigani, akayatazama majivu, kisha akachukua jembe akaenda kulima. Sikupigwa wala sikutukanwa. Nilitamani anipige, maana nilijua namna ya kujibu kipigo, na kimya chake sikukiweza.

Baada ya miezi karani alikuja na habari, anacheka. Akasema tushukuru. Serikali ilikuwa inasita kwa sababu ya gharama, lakini kwa maji madogo namna hii litatosha tuta fupi, na kazi inaanza mara moja. Barazani wote wakanigeukia, na yule mzee akaacha tena kuitikia salamu yangu.

Tuta likajengwa, kimo chake kimo cha uongo wangu. Lilipita juu ya nusu ya shamba la mama. Mwaka wa kwanza mto ulipita nje, na ardhi yetu ikapasuka kwa ukavu. Mlau haukuota. Tulikula mizizi na samaki wa kuomba, na mama alinigawia sawa na yeye, bila neno.

Mwaka wa pili ulikuja mto wenyewe. Haukusumbuka kulibomoa tuta, ulilipanda tu ukashuka upande wetu. Sakafu ya dungu mama alikuwa ameiinua kwa kubahatisha, na maji yalisimama shubiri moja chini ya mikeka yetu. Mpunga wote ulikuwa umezama, na tulikwisha kujua kwamba maji hayatatoka. Tuta lililoshindwa kuyazuia yasiingie liliweza kuyazuia yasitoke. Mpunga ungeoza humo, na wakati wa kupanda mlau ungetukuta tuna ziwa.

Siku maji yalipoacha kupanda, mama aliniita mtumbwini. Akausogeza hadi kwenye nguzo, akanipa panga.

"Kata wewe mwaka huu," alisema. "Wewe ndiye fundi."

Nilikata pale maji yalipogusa. Mikato yangu ya uongo ilikuwa chini huko, haionekani. Nikataka angalau neno moja kutoka kwake, nikamuuliza kama maji haya yamezidi yale makubwa ya wakati wa bibi.

Mama alilichukua panga mkononi mwangu.

"Mimi sijui, mwanangu," alisema. "Iliyokuwa inajua umeipikia."