Kamba ya Chachu ya Mama

Jirani yangu Ayuo, hapa Nandom, alikuwa na kijicho, na sitamfichia. Mama yake alipika pito, pombe yetu ya mtama, ambayo watu waliifuata kutoka ng'ambo ya mto. Alipougua ugonjwa wa mwisho alimwita binti mdogo, Pogsaa, akampa kamba yake ya chachu. Ayuo, kifungua mimba, aliambulia kigoda.

Kamba hiyo ni majani ya kusuka tu. Unaitumbukiza katika pombe inayofura, kisha unaianika. Ndani yake hulala vijidudu wasioonekana, ukoo mzima, kimya hata miezi. Watie katika maji ya kimea yaliyopoa: wataamka, watakula utamu na kutoa povu. Yakiwa ya moto, umewaua wote.

Siku za soko Ayuo aliketi akiuza pito yake hatua ishirini kutoka kwa mdogo wake. Alionja kwanza yeye, kama ilivyo desturi, ndipo akamwonjesha mteja. Mteja alishukuru, akahamia kwa Pogsaa.

"Ni kamba tu ile," Ayuo aliniambia. "Ningepewa mimi, yule angeuza nini? Mate?"

Wivu ulimla hadi akakonda. Ulipofika wakati wa kuhitimisha msiba wa mama, ukoo ukamtaka Pogsaa apike. Hilo lilimkata maini Ayuo. Pogsaa alipokwenda kuteka maji, dada mtu aliingia kwake, akaitosa kamba katika chungu kinachochemka, akairudisha msumarini ilipokuwa imetundikwa. Hayo alinisimulia mwenyewe, miaka mingi baadaye.

Jioni Pogsaa akaitia kamba. Asubuhi hapakuwa na povu hata la dawa. Akaja uani kwa dada yake analia, sisi wanawake watatu tukiwapo.

"Dada, ya mama imekufa. Sijui nimeikosea nini. Nigawie ya kwako."

Chachu kwetu hainyimwi. Ayuo akampa, na moyoni alifurahi: leo na Pogsaa atakunjiwa nyuso.

Pombe ya msiba ikatoka tamu. Shangazi yao alimaliza kibuyu, akanyoosha mkono apewe kingine.

"Mkono wako huo, Pogsaa. Si ile ya marehemu, lakini inashuka."

"Chachu ni ya dada," Pogsaa akasema kwa sauti, wote wasikie.

Shangazi akamgeukia Ayuo. "Kumbe? Sasa mbona kwako inatukwangua koo, mwanangu?"

Watu wakacheka. Ayuo naye akacheka, angefanyaje?

Baada ya siku chache Pogsaa alimletea kamba mpya yenye povu lililoikaukia.

"Nimekukatia nusu, dada. Ya mama ndiyo basi tena. Sasa sote tunapikia ya kwako."

Ayuo aliipokea kwa mikono miwili, akaingia ndani, akafunga mlango. Anasema hapo ndipo alipomlilia mama yake, maana pombe ya mama hakuna tena duniani awezaye kumwonjesha, na aliyeiua chachu yake ni yeye.