Vyungu Vitatu vya Mama Bahati

Siku ile naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, ila usimwambie mama yako. Uhuru ulikuwa bado mbichi, nami nilikuwa kijana wa Muheto mwenye suruali moja ya pasi na Kifaransa kingi kuliko akili. Nakusimulia kwa sababu nasikia wewe na wenzako mnaochunguza ugonjwa wa mihogo mmeshindwa kuanza kazi. Mnabishana mtumie lugha gani ya kuandikia ordinateur, hiyo kompyuta yenu: mmoja anataka ile yenye jina la nyoka, mwingine ile ya herufi moja, wa tatu ile ya kulipia kila mwaka. Basi kaa, usikie ya maharagi.

Wakati ule vidudu vilitoboa mbegu kila mahali. Jirani yetu mjane, Mama Bahati, akatoa mbegu zake zote za msimu ili tutafute majivu ya kuzihifadhi. Tulikuwa watatu. Mimi niliamini majivu ya maganda ya maharagi. Kambale, aliyetoka Butembo akafungua duka Mpofi, aliapa kwa maganda ya ndizi. Amundala alitembea kwa miguu kutoka Itebero, amebeba majivu ya mti wa msitu wao ndani ya jani la mgomba. Kila mtu akajaza chungu chake maharagi na majivu yake, vyungu vyote vya mfinyanzi mmoja. Tukakubaliana tuandike juu ya kila chungu kilichomo na jinsi kilivyoandaliwa, ili mtu wa kijiji chochote aweze kurudia. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Taabu ilianza kwenye kuandika.

"Siyansi inaandikiwaka mu Kifaransa," nikasema, nikinyoosha kola.

"Itebero nani atasoma hiyo?" Kambale akauliza. "Tuandike mu Lingala. Njo luga ya inchi yote."

"Miye sijue kuandika," akasema Amundala. "Nitafunga kamba. Fundo iko fundo."

Tukaahirisha. Kila siku ya soko tulikutana kubishana. Mimi nilitoa hotuba zenye vitenzi ambavyo hata padri wetu aliviogopa, na Kambale alinijibu kwa nyimbo za dansi. Wanasema penye wengi hapaharibiki neno. Waliosema hivyo hawakutujua sisi. Paa la jiko la Mama Bahati, tulimoviweka vyungu, likavuja, akavihamisha, na hakuna aliyejua tena kipi ni cha nani.

Mvua za kupanda zilipokaribia tukavifungua. Cha kwanza, unga mtupu. Cha pili, unga na vidudu vilivyonona. Cha tatu, maharagi mazima yanang'aa.

"Iko yangu!" tukasema wote kwa pamoja, na hilo ndilo neno la kwanza tulilopatana.

Nikanusa. Kambale akalamba, akatema. Majivu ni majivu, mwanangu. Yakishaingia chunguni hayana kabila. Mpaka leo hatujui yalikuwa ya nani.

Mama Bahati alituangalia mmoja mmoja. "Sasa miye nitapanda nini? Mulisema munatafuta dawa, kumbe munatafuta luga! Badudu habakugombania luga. Balikula tu, bote pamoya."

Akatukabidhi ungo. Tukakaa mlangoni pake kuokota punje nzima ndani ya unga, na wasichana waliotoka kuteka maji wakatucheka, akiwemo niliyetaka kumposa. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nusu ya shamba la mjane yule ilikosa mbegu msimu ule, tukamlimia mihogo hapo.

Lakini kabla ungo haujaisha tulikuwa tumepatana: Kiswahili cha soko, kwa makaa, na kamba ya Amundala shingoni mwa chungu, fundo moja kwa kila siku mbegu zilipokaa juani. Alitufundisha kuisoma kwa muda wa kuvuta tumbaku. Tukajaribu upya, na chungu changu kikaliwa. Mke wa Amundala akapita, akaishika kamba yangu, akacheka.

"Kaka, huku fundo haiko hata moya! Uliweka maharagi mbichi. Majivu yako haina kosa."

Ilikuwa kweli. Msimu uliofuata niliyaanika maharagi kwanza, na tangu hapo sikupoteza mbegu. Kifaransa changu kizuri kingelificha kosa lile mpaka kaburini.

Mchagua jembe si mkulima, mwanangu. Chukueni lugha ambayo mwenzenu wa Itebero ataifungua bila kulipa, ataisoma bila kukupigia simu, na atairekebisha pale ulipokosea. Kama wote mnaijua nusunusu, hiyo inatosha. Nusu iliyobaki mtafundishana. Na muanze kuandika leo, msingoje kupatana kwa kila kitu, kwa sababu mihogo ya watu inaoza shambani.

Nenda. Mungu aibariki mikono yako, asikunyime mtu wa kukuonyesha kosa lako mapema, na siku atakapokuja mtu huyo, Mungu akupe moyo wa kumkaribisha kiti.