Apeli ya Asubuhi na Ndagala wa Ziwani

Mkurugenzi mpya alipofika kwenye chuo chetu hapa Uvira, alileta sheria moja: kila asubuhi walimu wote wasimame uani, waitwe majina. Mwenye kuzoea kukosa apeli hiyo hatapandishwa cheo. Sikumlaumu. Alikuta madarasa yamejaa wanafunzi na mwalimu hayupo. Nami nimelelewa misheni. Najua kengele inavyosaidia roho.

Lakini nilikuwa namsimamia binti mmoja, mwalimu msaidizi, katika utafiti wake. Alikuwa akipima urefu wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, ajue kama wanaovuliwa wanazidi kuwa wadogo. Ndagala hushushwa asubuhi mapema, na akina mama wauzaji wakishawachukua, basi, wamechanganywa na kuanikwa. Saa hiyohiyo ndiyo ya apeli. Akienda ziwani, cheo kinampita kwa utoro. Akija uani, kinampita kwa kukosa makala.

“Papa,” aliniambia, “labda nipime wale ndagala anaonipikia mama nyumbani.”

Tulisali, kisha nikamtuma ziwani, nami nikamwendea mkurugenzi. Alinisikiliza kwa adabu, kama mjukuu, na hakubadili neno. Nikarudi tena, na tena. Mungu hunipa subira bila kipimo.

Asubuhi moja nikiwa mchangani pamoja na binti, tulimwona mkurugenzi akishuka kwenye pikipiki, viatu vinang'aa. Amekuja kuwakamata watoro. Sasa, kwetu mtumbwi ukifika, yeyote aliye pale hushika kamba kwanza. Maneno ni baadaye, na aliyevuta hupewa fungu lake. Yeye ni mtu wa Luvungi, wa mashamba ya mpunga. Hakujua, na mtumbwi ulikuwa ukifika.

“Natafuta balimu bangu,” alianza.

“Shika kamba, Papa,” mama mmoja akamjibu. “Hapa hakuna muntu wa kuangalia tu.”

“Minye niko mkurugenzi wa chuo.”

“Ni vizuri. Weye uko na nguvu, simama mbele.”

Akavuta. Viatu vikajaa maji, na akina mama wakamwimbia kwamba mikono ya ofisi ni laini kama bugali. Nilikuwa nyuma yake, nikacheka mpaka kamba ikaniponyoka.

Akapewa fungu lake ndani ya mfuko. Akachuchumaa karibu na binti, akauliza kwa nini anapima hivi na si vile. Binti akamweleza huku akiendelea. Punde rula ilikuwa mkononi mwa mkurugenzi, anasoma yeye, binti anaandika. Hakuinuka mpaka ndagala wa beseni walipokwisha. Ndipo akatazama saa. Apeli imepita, na mwenye kuita majina hakuwepo.

“Mzee, tutasema nini kule chuoni?” akaniuliza.

“Tutasema ukweli. Sisi watatu tulikuwa kazini.”

Mkurugenzi akacheka kunizidi mimi pale kwenye kamba. Wiki ileile akatangaza uani kwamba mwenye utafiti unaodai saa ya asubuhi amjulishe mapema, naye atahesabiwa yupo. Mwenzetu mmoja, anayefuatilia mihogo kule Kamanyola, akasema “Amina” kwa sauti ya kanisani.

Binti alipima masika na kiangazi, makala ikatoka. Asubuhi moja mkurugenzi akaita jina lake, akitanguliza cheo chake kipya. Akaita tena, kwa furaha zaidi.

“Hayupo,” nikamwambia. “Mitumbwi imechelewa leo.”

“Bwana asifiwe,” akajibu, akaendelea na jina linalofuata.