Rosalba, Mshonaji wa Chombo cha Titani

Rosalba Ochoa alishona magauni ya harusi Los Angeles kwa miaka ishirini na miwili kabla hajaletwa kwetu kukishonea nguo chombo cha angani. Chombo kile kinakwenda Titani, mwezi wa Zohali, kikaelee kwenye bahari isiyo ya maji, bali ya gesi iliyogeuka kimiminika kwa baridi. Bila mablanketi ya Rosalba, betri zake zingefia njiani kwa baridi. Mimi nakata, yeye anashona. Wenye vyeti ndio hupigwa picha.

Katika chumba safi tunavaa nguo nyeupe, barakoa na glavu mbilimbili. Manukato marufuku, losheni marufuku. Kila Ijumaa hufutwa kifuniko cha kifaa kitakachoionja bahari ile, na kitambaa kilichokifuta hupelekwa kwa mkemia. Ijumaa moja ya Machi, siku sita kabla ya kukifunga kifaa, kitambaa kilikutwa na mafuta. Kifaa kingeondoka hivyo, kingetuletea habari za bahari kumbe kimeonja mafuta ya hapa California.

Msimamizi wetu, Garrett Lindqvist, hakuuliza mtu mwingine. Alimfuata Rosalba kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

"Umepaka losheni."

"Sijapaka tangu Krismasi, bosi. Tazama." Vidole vyake vilikuwa vimepasuka kama tope la kiangazi.

"Mshonaji gani hapaki?"

"Anayeitaka kazi yake."

Lindqvist akamnyang'anya kadi ya mlango. Kosa likithibitika, hatarudi tena. Mimi niliwahi kufukuzwa kiwanda cha mapazia kwa neno la mwanamume kama huyo, nikanyamaza, na kunyamaza kule kunaniuma hadi leo. Safari hii nilisema.

"Basi sote tulete tunachopaka. Na wewe pia, bwana mkubwa."

Mkemia, Bi Hsu, akakubali. Jumatatu meza yake ilijaa vichupa. Lindqvist alileta kijiti cha mafuta ya midomo, akicheka: "Hiki nacho losheni?"

Jumatano Bi Hsu alituita sote.

"Ni nta ya nyuki na mafuta ya sufu ya kondoo. Kijiti chako, Garrett. Wageni walipokuja wiki iliyopita kukiona chombo, uliteremsha barakoa uwaeleze, ukajifuta midomo kwa glavu, kisha ukakigongagonga kifuniko. Nilikuwa dirishani, ila sikujua midomo yako ina mafuta."

"Nilikuwa nawaonyesha tu," akasema, uso umemwiva.

"Na bahari nayo ungeionyesha midomo yako," Rosalba akamjibu, kiganja wazi akidai kadi yake.

Kifuniko kikasafishwa mara tatu. Alhamisi asubuhi kitambaa kikarudi safi. Lindqvist hakuomba radhi. Watu wa aina yake radhi huwakwama kooni. Rosalba hakuingoja. Alimaliza mshono wa mwisho taratibu, na tulipolifunga blanketi juu ya kifaa, nilisikia pumzi ndefu ikimtoka ndani ya barakoa.

"Shoga," akaniambia, "leo nitalala."