Mwezi wa Nne wa Léopold

Léopold Kanyamibwa alibeba mizigo miaka tisa. Aliteremsha magunia ya madini ya koltani kutoka machimboni Rubaya hadi barabarani, na wenzake walimjua kwa kutopumzika njiani. Kikohozi ndicho kilichomsimamisha. Kituo cha afya kilimkuta na kifua kikuu, akaanza dawa za miezi sita. Hakukosa hata asubuhi moja.

Alikuwa ameingia mwezi wa nne wa dawa, mwaka wa 2024, vita ilipofika Rubaya. Alitoka na mke wake Kétsia, blanketi na sufuria moja. Dawa na karatasi yake ya matibabu vilibaki nyumbani. Walitembea siku nne hadi Nyabiondo kwa dada ya Kétsia, na asubuhi iliyofuata Léopold alikwenda kituo cha afya cha hapo.

Muuguzi Thacienne alimsikiliza, kisha akawasha tabuleti. Mradi mmoja ulikuwa umegawa tabuleti kama hiyo kwa vituo kadhaa vya eneo la Masisi, ili habari za mgonjwa zisomeke popote alipo. Akaandika jina lake. Halikutokea.

"Papa Léopold, humu hauko," alisema. "Kama sioni mahali ulifika, tutaanza upya, mwezi wa kwanza."

Léopold hakupandisha sauti. "Mama, mimi niko mu mwezi wa ine. Kule Rubaya waliniandika mu mashini sawa hii, niliona na macho yangu. Tafuta tena."

"Ulizaliwa tarehe gani?"

"Tarehe sijue. Mama yangu njo Nyiramana, wa Bihambwe."

Thacienne akatafuta kwa jina la mama. Hapo akatokea mgonjwa mmoja: Reopordi Kanyamibwa. Rubaya walikuwa wameliandika jina kama linavyotamkwa nyumbani kwao.

"Njo mimi!" Léopold alisema, na kwa mara ya kwanza tangu vita akacheka.

Thacienne alimgeuzia kioo. Yote yalikuwapo: uzito wake, kila dozi na tarehe yake, kipimo cha makohozi cha mwezi wa pili, safi.

"Nani mwingine anasoma hizi?" Léopold aliuliza. Alijua mabosi wa mizigo wanavyomkimbia mtu mwenye kifua.

"Waganga wa vituo wenye namba ya siri tu. Na kila anayefungua, jina lake linabakia humu."

"Sawa. Basi ongeza neno moja. Siku ine za njia sikumeza kitu. Mashini haijue ile."

Thacienne alimtazama. Wengi waliificha habari kama hiyo, wakiogopa kugombezwa. Akaandika siku nne zilizokosekana, akaziongeza mwishoni mwa matibabu, na jina pia akalisahihisha. Kisha akampa vidonge vya siku hiyo na kikombe cha maji. Léopold alivimeza palepale.

Miezi iliyobaki aliimaliza Nyabiondo, akilima kipande cha shamba alichoazimwa na shemeji yake. Mara mbili milio ya risasi ilifunga njia, naye akapitia vijia vya mlimani akafika kituoni. Kipimo cha mwisho kilitoka safi. Thacienne aliandika "amepona", na Léopold akalisoma neno hilo herufi kwa herufi, bila haraka, huku watu wakingoja nyuma yake. Kisha akashukuru, akaenda kumaliza kupanda maharage kabla mvua haijaanza.