Pale Mashine ya Menza Inapodanganya

Saa nne asubuhi maji ya bamvua yamekwenda mbali, na pwani ya Shanzu imebaki wazi hadi kwenye miamba. Lynnette Menza anatembea miguu mitupu, leso kiunoni, akipitisha sahani ya mashine yake juu ya mchanga kama mtu anayefagia ua bila haraka. Masikioni amevaa spika. Ghafla anasimama, anarudi nyuma kidogo, anapitisha tena.

"Uwongo," anasema, na kuendelea na safari yake.

Kazi ya Menza, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, ni kutafuta vitu vya watu vilivyomezwa na mchanga: pete, vipuli, funguo za gari, na mara moja meno ya bandia yenye waya, ambayo mwenyewe aliyasubiri huku amejifunika mdomo kwa kofia. Mashine hulia ikipita juu ya chuma au dhahabu. Tabu ni kwamba hulia pia kwa mambo mengine chungu nzima.

"Inalia kwa kifuniko cha soda, inalia kwa foili ya biriani, inalia kwa msumari wa kutu. Mchanga wa chumvi ukilowa, inalia bila kitu," anasema. "Ukiifuata kila ikisema, utachimba Shanzu yote na jioni huna ila taka."

Kwa hiyo Menza haisadiki upesi. Akisikia mlio, hupita kwanza akielekea baharini, kisha hupita kwa kukata msalaba. Mlio wa kweli hukaa palepale. Wa uwongo huhama, au hunyamaza kama mtu aliyeulizwa swali gumu.

Simu yake humwachia Talha, muuza makubazi, kwa kuwa nayo huitia mashine wazimu. Viatu havai tena kazini. Zamani alivaa vile vya hotelini vyenye chuma mbele, akachimba asubuhi nzima kila alipokanyaga, mpaka Talha alipomuuliza viatu hivyo vimetengenezwa kwa kitu gani. Talha anacheka hadi leo, na Menza amemwachia acheke.

Hoteli hiyo ndiyo iliyomleta pwani. Alikuwa dobi. Wageni walipopungua, naye akapunguzwa. Mzee Morgan, mgeni aliyekuja kila mwaka na ambaye mashati yake Menza aliyapiga pasi kwa miaka mingi, alimwachia mashine hiyo alipoona magoti yake hayamruhusu tena kuinama.

"Mzee aliizoea kwao, kwenye fukwe za ziwa, maji baridi," Menza anakumbuka. "Alinambia kule inadanganywa na mawe yenye kutu na makopo tu, maji yenyewe yamenyamaza. Kuja huku kwenye chumvi, ikapiga kelele kama mtoto aliyeingiwa na sabuni machoni. Mzee alitaka kuirudisha dukani!"

Hulipwa akipata tu. Desemba njema humpa kama shilingi elfu ishirini. Miezi mingine haimpi kitu, naye hurudia kufua nguo za watu.

Na kuna siku hukubali kushindwa. Agneta, mfanyakazi wa kiwandani kutoka Changamwe, alikuja Desemba na wanakwaya wenzake, akapoteza pete yake ya ndoa alipokuwa akiwaosha watoto mchanga miguuni. Menza alitafuta hadi maji yakajaa. "Nikamwambia bahari imechukua. Alilia, nami nikalia naye," anasema. Tangu hapo wamekuwa marafiki, na Agneta humtumia salamu kila Jumapili.

Leo anayengoja ni Bi Ummulkheir wa Mjambere, aliyekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, buibui limekusanywa magotini. Kidole chake cha mkono wa kushoto kimefungwa plasta. Ukimuuliza ameumia nini, huangalia kushoto na kulia kwanza.

"Sikuumia. N'lifunga nisiulizwe," ananong'ona. "Nyumbani wanajua nimekatwa na kisu. Na leo ni mfungo wa kumi na tano, mwanangu. Kidonda gani hicho kisichopona?"

Chini ya plasta hakuna kidonda, na pete pia hakuna. Ni pete ya dhahabu aliyovishwa na marehemu mumewe, Idarus, aliyekuwa akipakua shehena Kipevu. Bi Ummulkheir amemwahidi mjukuu wake, Nadira, kwamba ataolewa nayo mkononi. Harusi ni baada ya Idi.

Ilipotea siku ya vunja jungu, familia ilipokuja pwani kula na kufurahi kabla ya kuingia Ramadhani. Wakati wa kutawadha kwa sala ya adhuhuri aliivua, akaifunga kwenye pindo la leso, pale pale wanawake wa pwani hii wanapofunga nauli, dawa na siri zao. Baadaye akaikung'uta leso chini ya miti ya mivinje. Walipokusanya sufuria, pindo lilikuwa tupu.

Menza ameshapekua chini ya mivinje asubuhi nyingi. Amepata foili za kutosha kufunikia sinia za harusi mbili. Leo anaizima mashine na kuja kuchutama mbele ya ndoo.

"Bi Ummulkheir, usinisimulie tena. Nifanyie kama ulivyofanya siku ile."

Bibi anaona haya, lakini anasimama. Anafunga pindo la leso. Kisha, badala ya kwenda kwenye mivinje, anateremka pwani hadi mahali ambapo maji yasiyo na chumvi huchuruzika kutoka chini ya mwamba bahari inapokupwa. Wenyeji huyaita maji ya pepo. Hapo anainama, anaosha mikono, anapangusa uso kwa leso. Mkono wake umeshika pindo lile lile alilolifunga, na fundo limelegea.

"Subhanallah," anasema. "Nilitawadha hapa. Maji ya madumu yalikuwa ya kupikia."

Menza amemfuata hadi hapo. Uso wake umeshuka, kwa sababu anapajua mahali hapo. Ndipo mashine yake inapodanganya kuliko pengine popote. Maji matamu yakikutana na ya chumvi, hulia hovyo, mbele na nyuma.

"Hapa mimi huizima nikapita," anasema taratibu. "Miaka yote."

Anayatazama maji. Halafu anatabasamu peke yake, na kumtaja Mzee Morgan na ziwa la kwao. Anapanda kwenye mkondo, mahali penye maji matamu tu, na kuanza kuinua na kushusha sahani, akiizungusha swichi kidogo kidogo. Anaisahaulisha bahari, anasema. Leo mkondo huu ni ziwa.

Kelele zinapungua. Zinakwisha.

Mlio wa kwanza ni jiwe jekundu la kutu. Wa pili ni kibanio cha nywele. Wa tatu ni mdogo, laini, karibu na mwamba. Anapita akielekea baharini, upo. Anakata msalaba, upo palepale. Bi Ummulkheir amefumba macho, midomo inacheza dua. Menza anazamisha chekeche, anasuuza mchanga, na ndani inabaki pete nyembamba, imelika upande mmoja kwa miaka ya kuvaliwa.

Bibi analia kwa sauti. Anambusu Menza paji la uso, anaishika pete, anaipangusa, na bila kufikiri anaanza kuifunga kwenye pindo la leso.

"Bi Ummulkheir!" Menza anapiga kelele. "Kidoleni!"

Hata Talha kule kwenye makubazi anacheka. Plasta inabanduliwa, kidole cheupe kilichokunjamana kinatoka, na pete inarudi kwake.

"Harusini utakuja, wallahi nitakasirika usipokuja," bibi anamwambia akiondoka. "Na hiyo mashine uiwache kwenu."

Menza anaahidi. Lakini hafungi vitu vyake. Anamwendea Talha, anachukua simu yake, na kupiga.

"Agneta? Mimi Menza wa Shanzu. Hujambo dada? Hebu niambie, siku ile watoto uliwaosha miguu wapi?"

Anasikiliza. Macho yake yamegeuka kuelekea mwambani.

"Siahidi kitu," anasema. "Lakini usinunue nyingine bado."

Anamrudishia Talha simu, anavaa spika, na kuteremka tena kwenye maji ya pepo kabla bahari haijarudi.