Kidirisha cha Fundi wa Mifupa

Saa mbili asubuhi, sufuria kubwa linatokota nyuma ya nyumba, na majirani wameshafunga madirisha. Ndani yake mna mifupa kumi na miwili ya miguu ya ng'ombe, maji na sabuni ya unga. Fundi anachomoa mmoja kwa koleo, anaugonga ukutani na kutega sikio.

"Bado una mafuta," anamwambia mwandishi aliyekuja na daftari kumhoji, anaurudisha. "Mfupa wenye mafuta ukiuharakisha, mwakani unakuwa wa manjano, na lawama inakuja kwangu."

Mtaani wanamwita Bwana Supu. Jina hilo halimkeri. Kinachomkera ni mtu anayeingia karakanani, akachukua bangili nyeupe inayong'aa, akaipima uzito kiganjani, kisha akanong'ona: "Niambie ukweli, mzee. Hii ni ndovu?"

Ana miaka sitini na minne. Alifundishwa kazi na mjomba wake, aliyechonga pembe za ndovu enzi zilipokuwa na kibali na mhuri. Mataifa yalipokubaliana kuifunga biashara hiyo, mjomba alitia misumeno yake kwenye gunia, asilifungue tena. Mpwa akageukia machinjioni.

"Sikulia," anasema. "Mjomba mwenyewe alikiri kwamba kila mwaka pembe alizoletewa zilikuwa fupi kuliko za mwaka uliopita. Wakubwa walikwisha, wakaanza kuua watoto."

Kilichomponza ni ufundi. Mfupa una vitundu vidogo kama vya sindano, pembe haina. Fundi hodari huviziba kwa nta na kuvisugua kwa msasa laini hata visionekane. Kadiri mkono wake ulivyokuwa mzuri, ndivyo alivyozidi kushukiwa. Miaka mitatu iliyopita mgeni mmoja alikamatwa uwanja wa ndege na bangili alizonunua kwake, na fundi akalala mahabusu siku nne, hadi wataalamu walipothibitisha kuwa ni ng'ombe.

"Siku nne!" mkewe anadakia kutoka nyuma ya pazia. "Kwa ajili ya mnyama aliyekwisha kuliwa na watu na mchuzi wakanywa!"

Tangu hapo, upande wa ndani wa kila bangili fundi huacha sehemu ndogo, upana wa ukucha, bila kuing'arisha. Vitundu vyote viko wazi. Anaiita kidirisha. Hutengeneza bangili nane kwa siku, na kila moja huuzwa kwa bei ya kilo mbili za sukari.

Wiki iliyopita aliingia mteja.

"Nilianza kuona viatu," fundi anasimulia. "Vyeusi, havina hata chembe ya vumbi. Na barabara yetu haina lami."

Mgeni alitaka bangili arobaini, kwa bei mara tano. Sharti lake lilikuwa moja: zisiwe na kidirisha.

"Za nini, mwanangu?"

"Urembo tu, mzee. Wateja wangu hawapendi madoa."

"Doa ndilo cheti chake."

"Mzee wangu, unaogopa kivuli chako mwenyewe."

"Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi niliumwa, baba, na nyoka wangu alivaa viatu kama vyako."

Hapo mkewe akaita: "Mume wangu, chai inapoa!" Hakukuwa na chai. Ni ishara yao ya miaka mingi: mtu huyu mchunge.

Mgeni akatoa mfukoni kioo cha kukuzia, akaikagua bangili moja, akatabasamu. Aliacha namba ya simu kwenye karatasi. Jina hakuandika.

"Akiwa mlanguzi, atachanganya zangu na za ndovu zisijulikane ipi ni ipi," fundi anasema. "Akiwa mkaguzi, basi ananipima, na leseni yangu inaisha mwezi ujao. Huku moto, huku maji."

Kesho yake aliipeleka karatasi ofisi ya wanyamapori. Ofisa akaisoma, akaitia kwenye droo, akaifunga.

"Umefanya vyema, mzee. Nenda kapumzike."

Fundi anatikisa kichwa. "Hakuniuliza hata mtu mwenyewe alifananaje. Asiyeuliza, ama hajali, ama anajua."

Sasa amebana bangili mpya kwenye jiliwa, anaisugua kwa tupa. Kidirisha amekihamishia nje, mbele kabisa, vitundu vikizunguka kama nakshi. Mwezi ujao ataipeleka atakapoomba leseni, na ataomba kila fundi wa mifupa alazimishwe kufanya hivyo.

"Anayevaa aonekane tangu mbali kwamba amevaa ng'ombe," anasema. "Mwenye nia mbaya hatakuwa na haja na mimi. Nami nitamaliza uzee wangu kwa jina safi."

Mwandishi anafungua ukurasa mpya wa daftari, anauliza ofisa yule anakaa chumba namba ngapi.

"Mume wangu," sauti inatoka nyuma ya pazia, "chai inapoa!"

Tupa inasimama. Fundi anatazama daftari, kisha anateremsha macho polepole mpaka kwenye viatu vya mgeni wake.

"Hebu nikumbushe," anasema. "Ulisema gazeti gani vile?"